Mifupa ya Wajumbe

Alhamisi ya kwanza ya mwezi, saa nne kasorobo asubuhi, katibu wa kamati ya maadili ya utafiti alikuwa akisoma ajenda ya tano wakati jino la mbele la mwanasheria lilipochomoka na kutua kwenye sahani ya biskuti. Mwanasheria alijishika mdomo. Damu ilimpitia vidoleni ikadondokea kwenye faili lake. Katibu alisubiri kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake apige chafya, kisha akaimalizia sentensi aliyokuwa ameianza: mshiriki namba kumi na moja alianguka bafuni, aling'oka jino moja la mbele, hakusikia maumivu yoyote, anaendelea na dawa.

"Imepokelewa," alisema mwenyekiti. "Endelea."

Katibu akaendelea. Mshiriki namba kumi na tisa alivunjika kidole cha shahada alipokuwa akikamua nguo. Kidole cha muuguzi mkuu kikapinda kinyumenyume, kikalia ko! Muuguzi mkuu aliguna, akafungua mkoba kwa mkono wa pili, akatoa bandeji na kijiti cha kuchunguzia koo. Alikuwa mtu wa kazi, hakuhitaji kuelezwa namna ya kufunga kidole.

Fundi cherehani, mwanamke aliyeketi karibu na mlango, alikuwa wa tatu kwenye orodha ya mahudhurio. Alikodolea macho karatasi za katibu kuona kama kuna taarifa nyingine. Haikuwepo. Akashusha pumzi, akaliokota lile jino kwa leso na kumkabidhi mwenyewe, maana wasomi wote wale walikuwa wanaliangalia tu.

Fundi alikuwa na miaka sita katika kamati. Kanuni zinataka awepo mjumbe mmoja asiye mtaalamu, wa kuutazama utafiti kwa jicho la mtu wa kawaida, naye alichaguliwa kwa sababu alikuwa tayari yupo jengoni, akishona mashuka na magauni ya wagonjwa katika chumba kilicho nyuma ya dobi. Watu walidhani atakuwa pambo. Hakuwa. Kila fomu ya ridhaa ilipoletwa aliisoma kwa sauti, na alipofika penye maneno ya kujikweza alisimama na kuuliza, "Hili ukimwambia mama muuza mkaa ataelewa nini?" Palipoandikwa "athari hasi tarajiwa" aliwaandikisha "mabaya yanayoweza kukupata." Wataalamu walimcheka, kisha wakabadilisha.

Dawa yenyewe ilikuwa ya maumivu ya viungo, kidonge kimoja cheupe kila Ijumaa, na ilikuwa ikijaribiwa katika nchi tatu. Kamati ya nchi inakotengenezwa iliipitisha kwa sharti kwamba kamati za nchi nyingine zijiridhishe. Kamati ya nchi ya pili ilijiridhisha kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imepitisha. Kamati hii nayo, ya tatu, ilijiridhisha kwa kuwa wenzao wawili hawawezi kukosea kwa pamoja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapa walikuwa ndugu watatu wanategemeana. Kikao kilichukua dakika kumi na mbili. Wajumbe tisa walinyoosha mikono, na wa Fundi ulikuwa mmojawapo. Aliirekebisha fomu ikawa tamu kusoma. Lile faili nene la nyuma yake hakulifungua, na wala hakuna aliyelifungua.

Dawa ilifanya kazi barabara. Maumivu ya washiriki yaliisha siku ya pili. Ila mifupa yao ilianza kuwa mikavu, ikavunjika kwa mambo madogo, nao kwa kuwa hawakusikia kitu waliendelea na shughuli zao. Maumivu hayo yalikuwa lazima yaende mahali, basi yakaenda kwa waliotia saini kibali chake. Taarifa ya mshiriki ikisomwa kikaoni, mfupa ule ule ulivunjika kwa mjumbe, pamoja na uchungu wake wote.

Mtakwimu wa kamati, kijana mpole mwenye miwani, alilieleza jambo hilo vizuri mwezi wa pili kwa kuchora jedwali ubaoni. Zamu, alisema, hufuata orodha ya mahudhurio. Aliyetia saini kwanza huvunjika kwanza, na ukifika mwisho mzunguko huanza upya. Hata akatabiri kwamba taarifa ya nne siku hiyo ingekuwa yake. Ilikuwa muundi wa mguu wa kulia. Aliuona mfupa ukichungulia kwenye suruali, akaweka alama ya vema kwenye jedwali, akazimia.

Tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kikao. Watu wazima na shahada zao walijificha chooni, walijifanya wanaongea na simu, walizunguka maegesho ya magari mara mbili tatu, mradi kila mmoja atie saini mwisho. Fundi alilelewa kwamba kuchelewa ni kumdharau mwenzako, kwa hiyo alitia saini kwanza. Alivunjika vidole viwili vya mguu mwezi wa tatu. Mwezi huo huo bega la mwenyekiti liling'oka kabla hajamaliza kusema "Imepokelewa", taya la mfamasia likapasuka, na msafishaji akaomba zulia litolewe, watandikiwe vigae, kwa sababu damu kwenye zulia haitoki hata kwa chumvi. Ombi lake lilikubaliwa siku hiyo hiyo. Ndilo jambo la haraka zaidi ambalo kamati ile iliwahi kulitenda.

Ijumaa baada ya kikao hicho, Fundi alirudi nyumbani mchana akichechemea, akamkuta mama yake uani anaanika mablanketi. Mama huyo alikuwa na miaka sabini na mmoja na magoti yaliyomtesa miaka ishirini. Kwa kawaida mchana ungemkuta amekaa kitako, amenyoosha miguu, anaikanda kwa maji moto huku anailaani. Sasa alikuwa amesimama juu ya kigoda. Mkono wake wa kushoto ulining'inia kwenye kifundo, kiganja kikiangalia upande usio wake.

"Mama, mkono umefanyaje?"

Mama aliutazama. "Ala! Kumbe. Tangu asubuhi naona blanketi linaniponyoka."

"Shuka hapo. Shuka, mama!"

"Wewe nawe, kelele za nini? Mimi siumwi." Akashuka kwa kuruka, miguu yote miwili kwa pamoja, kama msichana, na moyo wa Fundi ukaruka naye. "Umeona? Miaka ishirini sijaruka."

Juu ya meza ya jikoni palikuwa na kadi ya kliniki. Mshiriki namba arobaini na mbili.

Fundi alikaa chini. Alimweleza mama yake kila kitu, tangu jino la mwanasheria hadi zulia. Mama alimsikiliza huku akijifunga mkono kwa kitambaa cha kichwa, akikaza fundo kwa meno.

"Kwa hiyo hilo likidonge linakausha mifupa," alisema.

"Linakausha. Leo mkono, kesho mguu, siku moja itakuwa shingo. Nakuomba uache, mama."

"Na magoti yakirudi, utayaumwa wewe?"

"Tutatafuta dawa nyingine."

"Miaka ishirini tumetafuta." Mama hakupandisha sauti. "Mwanangu, ile fomu nimeisoma mwenyewe, mstari kwa mstari. Nimewahi kusoma karatasi nyingi za hospitali, sijapata kuona iliyoandikwa vizuri vile, kama mtu anaongea na wewe kibarazani. Imesema kichwa kinaweza kuuma, tumbo linaweza kuvurugika. Nimeelewa, nimekubali, nimeweka dole gumba. Sasa niache nianike."

Fundi alijua ni nani aliyeiandika ile fomu kama mtu anaongea kibarazani. Aliingia ndani akalia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe, halafu akatoka akamshikia mama ncha ya pili ya blanketi.

Mama asingeacha, basi dawa ndiyo ingebidi iachwe. Kamati ilikuwa na uwezo wa kusimamisha utafiti wakati wowote. Palikuwa na tatizo moja tu. Kila kikao kilianza kwa mwenyekiti kuuliza kama kuna mjumbe mwenye maslahi katika jambo lolote la siku hiyo, na mwenye ndugu ndani ya utafiti alitakiwa aseme, atoke nje, asipige kura. Mwezi wa nne mwenyekiti aliuliza. Fundi alitazama vigae vipya, akanyamaza.

Mwezi huo kamati iliandika barua kwa wenzao wa nchi zile mbili kuuliza kama na wao wanavunjika. Majibu yalikuja kwa adabu zote. Kamati ya nchi ya kwanza ilisema ndiyo, tatizo wanalifahamu. Wao hukutana mara moja tu kwa mwaka, wamevaa helmeti na kinga za magoti, na kusimamisha utafiti si juu yao, ni juu ya kamati za mahali watu wanapoumia. Kamati ya nchi ya pili ilisema taarifa zao husomwa na mashine, ambayo haina mifupa, na mashine haijalalamika. Kuhusu kusimamisha, wao wangefuata uamuzi wa nchi ya kwanza. Wote wawili waliwatakia wajumbe nafuu ya haraka.

"Basi na sisi tutafute utaratibu," alisema mwanasheria, ambaye sasa alikuwa na pengo na mkono mmoja kwenye plasta. "Kanuni inasema kamati *ipokee* taarifa. Nimeipekua yote. Hakuna pahali inaposema izisome."

Hoja ikapita kwa mikono minane. Kuanzia hapo taarifa za madhara zilipokelewa, zikagongwa muhuri, zikafungiwa kabatini. Funika kombe mwanaharamu apite. Mifupa ya wajumbe ikaunga. Watu wakaanza tena kuwahi, biskuti zikarudi, na kikao cha mwezi wa tano kilikwisha saa nne na nusu kwa kicheko kuhusu miwani ya mtakwimu. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Kwao ulikuwa umeanza kuwa mchungu, wakaurudisha kwa nguruwe.

Nyumbani mambo yaliendelea. Mama alibeba ndoo, alipasua kuni, alitembea hadi kwa shoga yake mtaa wa nne na kurudi kabla chai haijapoa. Aliimba. Wiki moja Fundi aliona mguu wa kushoto umekuwa mfupi kuliko wa kulia, na unyayo unaangalia nje. Alimgusa nyonga akasikia kitu kinasaga ndani. Mama alicheka akasema mikono yake ya baridi inamtekenya.

Mwezi wa sita ulikuwa mwezi wa kuendeleza kibali. Kanuni ilikuwa hivi: kibali hujiendeleza chenyewe mwaka mwingine, isipokuwa wajumbe watano kati ya tisa wanyooshe mikono kukisimamisha. Fundi alifika saa mbili na nusu, akatia saini kwanza, akangoja. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye maslahi. Hakuna aliyesema kitu.

"Kabla ya kibali," alisema Fundi, "naomba taarifa zilizopokelewa zisomwe. Mjumbe yeyote ana haki ya kuomba waraka usomwe."

"Fundi," alisema mwenyekiti, "tuna ajenda nyingi."

"Haki hiyo anayo," alisema katibu. Yeye hakuwa mjumbe, hakuwa ametia saini popote, na mwilini mwake hapakuwa hata na mchubuko. Alifungua kabati. Zilikuwa taarifa thelathini na moja.

"Sauti yangu leo haitoki," akaongeza.

"Nipe mimi," alisema Fundi.

Hakuna aliyetoka. Anayetoka waraka ukisomwa huvunja akidi, na akidi ikivunjika waraka husomwa tena tangu mwanzo. Hilo kila mtu alilijua. Mwanasheria alivua koti akalikunja vizuri. Muuguzi mkuu alipanga bandeji mezani kwa ukubwa. Mtakwimu alivua miwani akaiweka mfukoni mwa shati.

Fundi akasoma. Ya kwanza ilikuwa zamu yake, kidole gumba cha mguu, akaumeza uchungu na kufungua ukurasa. Ya pili ikauvunja mkono wa mfamasia juu kidogo ya kiwiko. Ya tatu ikamvunja mchungaji, mjumbe wa upande wa dini, mkono wa kulia, pande mbili. Dawa ile ilikuwa imewakuta watu wa kazi, wapagazi, wachota maji, wafua nguo. Ilipowaondolea maumivu walinyanyua na kukamua na kuchimba kutwa nzima, kwa hiyo iliyokatika zaidi ilikuwa mikono. Mikono ikaendelea kukatika kuzunguka meza. Mwenyekiti alipiga yowe mara moja, wa kushoto ulipokwenda, na wa kulia ulipofuata katika mzunguko wa pili hakupiga tena, alijiinamia tu akajitapikia. Mfupa wa mtakwimu ulitoboa shati. Damu ilitiririka mezani, ikazilowesha biskuti, ikafuata mistari ya vigae hadi mlangoni. Muuguzi mkuu alimfunga jirani yake mpaka mkono wake wa pili nao ulipokatika, bandeji ikabingirika chini ya meza.

Zamu ya pili ya Fundi ilikuwa mbavu mbili. Ya tatu, mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa chini ya shingo. Alisoma kwa pumzi fupi fupi, hakuruka hata nukta. Alipofika ya ishirini na nane alisimama kidogo, kwa sababu aliiona namba.

"Mshiriki namba arobaini na mbili," alisoma. "Mwanamke, miaka sabini na mmoja. Amevunjika nyonga ya kushoto akipandisha ndoo ya maji ngazini. Hakusikia maumivu. Aliifikisha ndoo juu. Anaendelea na dawa." Kisha akasema, "Huyu ni mama yangu," na nyonga yake ikavunjika.

Alianguka na kiti chake. Tatu zilizobaki alizisoma akiwa amelala ubavu juu ya vigae, karatasi ikiwa imeegemezwa kwenye mguu wa meza, na juu yake alisikia watatu wa mwisho wakivunjika kwa zamu.

"Natoa hoja," alisema. "Utafiti usimamishwe." Akanyoosha mkono wake wa kulia, ambao ulikuwa mzima.

Mwenyekiti alizungusha macho mezani. Muuguzi mkuu alijaribu. Bega lilipanda, mkono ukabaki ulipo. Mchungaji alijaribu kuuinua wake kwa meno akiuma pindo la mkono wa kanzu. Mtakwimu alikuwa analia.

"Mimi nakubaliana naye, mwenyekiti," alisema. "Sote tunakubaliana naye. Hebu tuulize mmoja mmoja."

"Kanuni inasema kunyoosha mkono," alisema mwenyekiti kwa sauti ya mgonjwa. "Haisemi kukubaliana."

"Tubadilishe kanuni!"

"Kubadilisha kanuni ni kwa kunyoosha mikono," alisema mwanasheria. Mikono yake miwili ililala mbele yake mezani mithili ya mali ya mtu mwingine. "Na naomba jambo moja liingie kwenye kumbukumbu. Mjumbe amesema mshiriki ni mama yake. Hakutangaza maslahi. Kura yake haihesabiki."

"Wakili," alisema Fundi kutoka chini, "mimi ndiye niliyekuokotea jino."

"Najua, Fundi. Niwie radhi. Ndiyo sheria."

Katibu aliandika: waliounga mkono, sifuri. Kibali kikajiendeleza. Akakigonga muhuri, kwa kuwa yeye alikuwa na mikono, akauliza kama kuna mengineyo.

Kwa kuwa wajumbe wanane walihitaji vitanda, na wodi ya mifupa ilikuwa na vinane, Fundi alifungwa ubao kwenye mguu akaambiwa akajiuguzie nyumbani. Kesho yake saa tano mama yake alikuja kumchukua. Alimtazama pale kwenye benchi la korido, akatikisa kichwa, akachutama, akamvuta mgongoni, akasimama naye.

"Mama, nishushe! Nyonga yako imevunjika."

"Nikushushe uende na nini?"

Akatembea. Kila hatua, mguu wa kushoto wa mama ulijikunja nje na kusaga, na kila hatua Fundi alipiga ukelele, kwa sababu nyonga iliyouma ilikuwa yake. Watu wa koridoni walipisha njia. Mama alimpapasa paja kwa mkono uliofungwa kitambaa.

"Lia tu, mwanangu," alisema. "Kulia kunasaidia. Mimi zamani nililia sana."

Ilikuwa Ijumaa. Mama alipitia kwanza kwenye dirisha la kliniki, akasimama kwenye foleni na bintiye mgongoni, akatoa kadi.

"Bibi, kuna mahali panauma wiki hii?" aliuliza muuguzi wa dirishani.

"Hata chembe," alisema mama.

Muuguzi akaandika kwamba hakuna, akampa kidonge na kikombe cha maji. Fundi alisema asimeze. Alilisema mara mbili, mdomo wake ukiwa sikioni mwa mama. Mama akameza, akarudisha kikombe, akashukuru. Fundi alihisi koo likipanda na kushuka chini ya kidevu chake, na nyuma ya koo uti wa shingo, mwembamba na mkavu. Akaizungushia shingo ile mkono wake mzima, taratibu, asiikaze, akaishikilia wima njia nzima hadi nyumbani.